Je, Nyaya Mbili Zinatosha? Uchambuzi wa Umeme wa Treni za Mfano za Kidijitali

Anayeanza kujenga treni za mfano huko Uingereza, Ujerumani au Marekani, ambako burudani hii ina mizizi, hukutana mapema na kauli mbili zisizopatana. Muuzaji humwambia kwamba mfumo wa kidijitali unataka nyaya mbili tu kutoka kwenye kisanduku hadi kwenye reli. Mkongwe wa klabu humwambia kwamba kila kipande cha reli kiwe na waya wake, meza igawanywe kanda, kila kanda iwe na breka yake, na kabla ya hapo asiwashe kitu.

Mgeni huyo huunganisha nyaya mbili, treni hukimbia vizuri, naye humwona mkongwe kuwa mtu wa kukuza mambo. Kisha meza inarefuka, vichwa vya treni vinaongezeka, na matatizo huanza. Treni inasitasita kwenye kona ya mbali, sauti ya injini inakatika, mfumo mzima unajizima kichwa kimoja kikipita kwenye pointi. Lawama huangukia dikoda, ule ubao mdogo wa elektroniki ulio ndani ya kichwa cha treni, na fedha hutumika kununua nyingine.

Lawama hiyo mara nyingi si ya haki. Sehemu kubwa ya hitilafu zinazoitwa za kidijitali ni hitilafu za umeme wa kawaida: waya mwembamba, kiungo kilicholegea, shoti ya kupita. Mfumo wa zamani ulizimeza hitilafu hizo, huu mpya haumezi.

Tulikotoka

Kwa miongo mingi treni ya mfano iliendeshwa kwa umeme wa DC usiozidi volti 12 hivi. Mwendeshaji akizungusha kitasa, volti zilipanda na treni ikaongeza mwendo. Akibadilisha chanya na hasi, treni ilirudi nyuma. Njia hiyo ni rahisi, lakini vichwa viwili vikiwa kwenye reli moja vyote humtii mtu mmoja. Dawa yake ilikuwa kuikata reli vipande na kukipa kila kipande swichi, ili mwendeshaji achague ni kitasa kipi kinatawala wapi. Meza kubwa ya klabu ilikuwa na ubao uliojaa swichi, na chini yake msitu wa nyaya.

Hornby ya Uingereza ilijaribu njia ya kidijitali karibu na mwaka 1980 kwa mfumo wake wa Zero 1, na Märklin ya Ujerumani ikafuata katikati ya muongo huo. Kila kampuni ilikuwa na lugha yake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Lenz ya Ujerumani ilitengeneza mfumo wa reli mbili ambao chama cha Marekani cha National Model Railroad Association, kilichoanzishwa mwaka 1935, kiliuchukua kuwa msingi wa viwango vyake vya mwaka 1994. Ndio huo unaoitwa DCC (Digital Command Control). Tangu hapo dikoda ya kampuni moja huweza kutii kituo cha amri, yaani kile kisanduku, cha kampuni nyingine, na ule ubao wa swichi ukakosa kazi. Kauli ya nyaya mbili ilizaliwa hapo, na wakati huo ilikuwa na ukweli wake: ukilinganisha na msitu uliokuwepo, nyaya zilipungua kweli.

Umeme unaobeba amri

Kwenye DCC reli hubeba volteji kamili muda wote, takriban volti 14 hadi 16 kwa treni za ukubwa wa HO na OO, hata treni ikiwa imesimama. Volteji hiyo hugeuzwa pande maelfu ya mara kwa sekunde, na urefu wa kila mgeuko ndio herufi. Nusu ya biti ya 1 huchukua mikrosekunde 58, nusu ya biti ya 0 huchukua mikrosekunde 100 au zaidi. Biti hupangwa kuwa pakiti yenye utangulizi, anwani, amri, na baiti ya mwisho ya kukagua makosa. Kila kichwa cha treni husikia pakiti zote lakini hutii zenye anwani yake tu, kama abiria wa stendi anayesikia wapiga debe wote lakini huinuka anapotajiwa mji wake.

Mambo matatu yanatokana na muundo huo, na ndiyo chanzo cha karibu kila mzozo unaofuata. La kwanza, waya uleule hubeba nguvu na ujumbe, kwa hiyo udhaifu wa waya huathiri vyote viwili. La pili, vichwa vyote hula kutoka kwenye chanzo kimoja. Zamani kila kitasa kililisha treni moja au mbili, lakini leo kisanduku cha ampea 5 kinaweza kulisha treni kumi pamoja na taa za mabehewa, na mkondo wote huo hupita kwenye nyaya zilezile mbili. La tatu, dikoda ni kompyuta ndogo. Mota ya zamani ikikosa umeme kwa nukta moja iliteleza kwa kasi iliyokuwa nayo, lakini dikoda ikikosa umeme hujizima na kuanza upya.

Kauli ya kwanza: nyaya mbili zinatosha

Kauli hii ina nguvu pale inapohusu. Duara la reli juu ya meza ya kulia chakula, lenye vichwa viwili vya HO na kisanduku cha ampea moja au mbili, halihitaji zaidi. Mkondo ni mdogo na umbali ni mfupi. Kumtaka mtoto wa miaka kumi alehemu nyaya kumi na mbili kabla ya kuona treni ikitembea ni kumfukuza kwenye burudani hii, na klabu zinazolalamika kukosa vijana zingefaa kulifikiria jambo hilo.

Udhaifu wake ni kwamba haina mwisho uliotajwa. Haimwambii mnunuzi ni mita ngapi za reli au ampea ngapi zinapoifanya iwe ya uongo. Reli nyingi za mfano hutengenezwa kwa nikeli silva, aloi ya shaba, nikeli na zinki isiyo na fedha hata chembe, na ukinzani wake ni zaidi ya mara kumi ya ule wa shaba. Vipande huunganishwa kwa vibati vidogo vinavyobana kwa msuguano. Vikiwa vipya hupitisha umeme vizuri, ila baada ya miezi ya vumbi, rangi na gundi ya kokoto kila kimoja huwa kizuizi. Treni iliyoko mbali na nyaya mbili hupokea kilichobaki baada ya vizuizi vyote hivyo.

Kauli ya pili: mtandao kamili

Wapinzani wa kauli ya kwanza hutaka jozi ya nyaya kuu nene ipite chini ya meza yote, na kutoka humo matawi mafupi membamba yapande kwenye reli kila baada ya mita moja au mbili, wengine wakisema kwenye kila kipande. Nyaya kuu za milimita za mraba 2.5, zilezile ambazo mafundi wa Tanzania na Kenya huzitandaza kwa ajili ya soketi za nyumba, ndizo hupendekezwa kwa mfumo wa ampea 5.

Hesabu inawaunga mkono. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 una ukinzani wa takriban omu 0.007 kwa mita. Kwa meza ya mita 10, kwenda na kurudi ni mita 20, jumla omu 0.14. Mkondo wa ampea 5 ukipita hapo hupotea kama volti 0.7, hasara ambayo hakuna treni itakayoihisi. Tumia waya wa milimita za mraba 0.5 kwa umbali huohuo, na hasara hufika volti 3.4. Kati ya volti 15 zilizotoka, kiasi hicho kinaonekana kwa macho: taa hufifia na mwendo hupungua.

Lakini hoja nzito zaidi ni ya usalama, nayo husahaulika. Breka ya kisanduku cha ampea 5 hukata umeme pale tu mkondo unapozidi ampea 5. Tuseme gurudumu limeziba reli mbili kwenye kona ya mbali, na ukinzani wa waya, reli na viungo hadi hapo ni omu 3.5. Volti 15 zitasukuma ampea 4.3 tu. Breka haioni kosa lolote. Wakati huo wati 64, zaidi ya pasi nyingi za kulehemu, zinageuka joto kwenye viungo na kwenye gurudumu lenyewe. Mataruma ya plastiki huyeyuka, na magurudumu huharibika. Kwa hiyo nyaya nene kazi yake kubwa ni kuhakikisha shoti ikipiga mahali popote, breka inajua.

Kipimo chake ni sarafu. Iweke juu ya reli mbili, sehemu kwa sehemu, hadi kona ya mbali kabisa. Kila mahali mfumo ukate umeme papo hapo. Mahali ambapo hautakata, hapafai kuendeshwa treni hadi waya uongezwe. Sijaona sababu nzuri ya kukiruka kipimo hiki.

Mtandao kamili nao una gharama zake. Waya wa tawi kwenye kila kipande cha reli ni kazi ya wiki nyingi ukiwa umelala chali chini ya meza, na kila kiungo kilicholehemiwa vibaya ni hitilafu mpya. Kulehemu hutaka pasi yenye moto wa kutosha na fluksi isiyo na asidi, kwa kuwa asidi inayobaki hula waya polepole. Wasiopenda kulehemu chini ya meza hutumia viunganishi vya kubana, na vinafaa mradi ukubwa wake ulingane na waya wote wawili. Kiunganishi kikiwa kikubwa kuliko waya, hushika leo na kulegea kesho.

Lipo pia suala la vichujio vya mwisho wa nyaya kuu, yaani rezista na kapasita zinazotuliza mawimbi yanayorudi nyuma kwenye waya mrefu. Mawimbi hayo yapo kweli, na miinuko yake ya volteji inaweza kudhuru dikoda. Hata hivyo kwa nyaya zisizofika mita 9 au 10, zilizosokotwa pamoja kidogo, faida yake ni ndogo. Kumtisha mwenye meza ya mita 3 kwa jambo hili hakumsaidii.

Kanda, breka na balbu

Katika meza yenye waendeshaji zaidi ya mmoja, shoti ya mmoja huwasimamisha wote. Ndiyo sababu ya kugawa kanda, kila moja na ulinzi wake. Baadhi hutumia balbu ya taa ya breki ya gari, ile ya volti 12, ikiwa kati ya kisanduku na kanda. Shoti ikipiga, balbu huwaka na kuzuia mkondo usizidi takriban ampea 2, na kanda nyingine huendelea. Ni rahisi, ni nafuu, na mwanga wake humwonyesha mtu palipo na kosa. Tatizo ni kwamba balbu haikati umeme: ampea 2 huendelea kupita kwenye shoti hadi mtu aione. Tena vichwa vyenye sauti hunyonya mkondo mwingi vinapowashwa, na balbu huweza kuwaka bila kosa lolote.

Breka za elektroniki hukata haraka na kujaribu tena zenyewe. Ni ghali zaidi, na nazo husumbuliwa na mnyonyo wa vichwa vyenye sauti, ingawa nyingi huruhusu muda wa kusubiri urekebishwe. Kwa kipimo cha N, chenye magurudumu madogo na waya mwembamba kama unywele ndani ya kichwa, ampea 2 zisizokatwa ni nyingi mno. Hapo breka ni bora bila mjadala.

Pointi na vitanzi

Pointi, pale reli moja inapogawanyika kuwa mbili, ndipo mzozo unapochacha. Katikati yake reli mbili hukatana, na kipande hicho cha makutano hakiwezi kuwa cha pande zote mbili za umeme kwa wakati mmoja. Watengenezaji huchagua moja kati ya njia mbili. Wengine hukifanya cha plastiki, kisicho na umeme. Hakuna waya wa ziada, lakini kichwa kifupi cha magurudumu manne husimama juu yake, na gurudumu pana la chuma linaweza kugusa reli zote mbili kwenye ncha yake na kupiga shoti ya nukta moja. Wengine hukiacha cha chuma na kukipa umeme unaobadilika kulingana na upande ambao pointi imelala. Treni hupita bila kusita, ila fundi lazima akate reli baada ya makutano na aweke swichi ya kubadilisha umeme. Akisahau mojawapo, shoti ni ya hakika.

Pointi za aina zote mbili zilitumika miaka mingi kabla ya DCC bila kelele nyingi. Katika DC shoti ya nukta moja ilififisha taa kidogo na treni ikavuka. Kituo cha amri cha leo huiona na kukata umeme wa meza nzima. Kosa ni lilelile, ila sasa kuna anayelitazama. Kwa vichwa virefu plastiki inatosha. Kwa stesheni yenye vichwa vidogo vya kupanga mabehewa, makutano ya chuma yenye waya wake yanastahili taabu hiyo.

Kitanzi cha reli kinachoirudisha treni kule ilikotoka huunganisha reli ya kushoto na ya kulia, na hiyo ni shoti kwa maumbile yake. Sehemu ya kitanzi lazima ikatwe pande zote mbili za reli, kwenye ncha zote mbili, na ilishwe kupitia kigeuzi cha kujiendesha. Iwe ndefu kuliko treni ndefu kuliko zote zenye magurudumu ya chuma, na kigeuzi kiitambue shoti kabla ya breka ya kisanduku. Kigeuzi kinachochelewa hakina kazi, maana breka itakuwa imeshakata.

Kauli ya tatu: kuiachia reli kazi ya kubeba tu

Kundi dogo linalokua linasema tatizo ni reli yenyewe. Weka betri ndani ya kichwa cha treni, tuma amri kwa redio, na uchafu, makutano, vitanzi na nyaya kuu havisumbui tena. Kwa reli za bustanini, zenye vichwa vikubwa na mvua inayozichafua reli, hoja hii ni nzito sana. Kwa HO na OO nafasi ya betri ni finyu, na kwa N karibu haipo. Kila kichwa hutaka betri yake, chaji yake na kipokezi chake, na gharama hupanda kwa kila kichwa kinachoongezwa.

Upo mfumo wa katikati, kama HM7000 ambao Hornby iliuleta mwaka 2023, unaotuma amri kwa Bluetooth huku umeme ukibaki kwenye reli. Huo huondoa ujumbe kwenye waya lakini hauondoi hasara ya volti wala shoti. Anayeununua akidhani amekwepa suala la nyaya atakutana nalo kona ileile.

Kutafuta hitilafu

Wapenzi wa DCC hushindwa zaidi kwenye mpangilio wa kutafuta hitilafu. Wengi huanza na programu ya dikoda, kwa kuwa ndicho kitu kigeni. Kianzio sahihi ni kuondoa vichwa na mabehewa yote kwenye reli. Shoti ikibaki, ipo kwenye waya au pointi. Tenganisha kanda moja moja hadi itoweke, kisha igawe kanda hiyo nusu kwa nusu. Shoti ikiondoka na treni, rudisha kichwa kimoja kimoja, na uangalie kama umbali kati ya magurudumu ni sahihi.

Mita ya kawaida hudanganya kwa njia mbili. Ya kwanza, imetengenezwa kwa umeme wa herzi 50 au 60, na mawimbi ya DCC yana kasi ya maelfu, kwa hiyo namba inayoonyesha si halisi. Inafaa kulinganisha sehemu moja na nyingine tu. Ya pili ndiyo huwapotosha wengi zaidi: reli isiyo na mzigo haina mkondo, na bila mkondo hakuna hasara ya volti. Hata kiungo kibovu kabisa kitaonyesha volti 15. Weka balbu ya gari ya wati 21 juu ya reli hizo ndipo upime. Sehemu nzima itashuka kidogo, sehemu mbovu itaporomoka.

Baada ya reli na waya kuthibitishwa ndipo dikoda ihojiwe. Dikoda mpya kwa kawaida hutoka kiwandani na anwani 3, kwa hiyo vichwa viwili vinavyokwenda pamoja huenda vina anwani moja tu. Kichwa kinachochomoka ghafla kwa kasi kubwa baada ya shoti mara nyingi kimeruhusiwa kutumia DC, na dikoda imeudhania umeme uliovurugika kuwa DC. Kubadilisha CV29, moja ya mipangilio yenye namba iliyohifadhiwa ndani ya dikoda, kutoka 6 kwenda 2, au kutoka 38 kwenda 34 kwa anwani ndefu, huondoa ruhusa hiyo. Dikoda isiyosomeka kwenye reli ya programu, yaani kipande cha reli cha kusomea na kuandikia mipangilio hiyo, si lazima iwe imekufa: hujibu kwa kuongeza mkondo wake kwa angalau miliampea 60 kwa milisekunde 6 hivi, na gurudumu chafu au kapasita ya akiba inaweza kulifunika jibu hilo. Dikoda nyingi, si zote, hurudi hali ya kiwandani CV8 ikiandikwa 8.

Onyo moja halina mjadala: kitasa cha DC na kisanduku cha DCC visiunganishwe kamwe kwenye reli moja, hata kupitia pengo ambalo treni inaweza kulivuka. Hiyo huunguza vifaa.

Kupima uzito

Mipaka ya kila kauli inaonekana. Nyaya mbili zinatosha kwa duara dogo na ampea moja au mbili. Betri inashinda bustanini. Kati ya hizo mbili, yaani kwa meza nyingi za nyumbani na karibu zote za klabu, mkongwe ana haki kuhusu nyaya nene, matawi na kipimo cha sarafu, ila amezidisha kuhusu waya wa kila kipande na vichujio vya kila mahali. Mwenye fedha kidogo aanze na nyaya kuu za milimita za mraba 2.5 na matawi ya kila mita mbili. Breka za kanda zifuate, na dikoda za sauti zije mwisho. Mpangilio huo hauna mvuto dukani, lakini waya uliowekwa kabla ya mandhari kuchukua mahali pake hugharimu saa chache. Ukiwekwa baadaye, kokoto, rangi na nyumba za mfano zitabomolewa kwanza.

Watengenezaji nao wana deni. Kisanduku cha kuanzia kinachouzwa kwa kauli ya nyaya mbili kingeandikwa wazi kwenye jalada: mita za reli kinazoweza kulisha, unene wa waya unaohitajika zaidi ya hapo, na mkondo ambao breka yake hukata. Ni mistari mitatu tu, na mnunuzi ana haki ya kuisoma kabla ya kulipa.